Kutafuta na Kutotoa Mayai ndani ya Mchezo wa Video wa Subnautica

Kabla ya kuokota yai hata moja, jenga tangi la kufugia viumbe. Ramani yake ya ujenzi huipata ukiskani mabaki kwenye makao yaliyotelekezwa chini ya bahari na manusura wa Degasi, chombo cha angani kilichoanguka kabla yako. Linahitaji kioo na titani, na halikai popote ila ndani ya chumba cha mviringo cha kituo chako (Multipurpose Room) au kile kikubwa zaidi (Large Room). Yai ukiliacha kabatini halitatotolewa kamwe. Ni tangini tu.

Kwa kuanzia, mimi humshauri kila mtu aende msitu wa mwani. Shuka mchana, ambaa na sakafu, chungulia kwenye mizizi na nyuma ya mawe. Huko ndiko yaliko mayai ya Stalker, kiumbe mwindaji wa msitu huo. Usikimbie: yai hufanana sana na mwamba, kwa hiyo mulika tochi polepole hadi uone jina likitokea. Litaandikwa kuwa halijulikani, na litabaki hivyo mpaka la aina hiyo litotolewe.

Ukifika nyumbani, ingia tangini kwa mlango wake, litupe yai majini, kisha endelea na shughuli zako. Ghorofa moja ya tangi hubeba viumbe 10. Wawili wa aina moja wakikomaa, wanazaliana wenyewe, basi acha nafasi.

Yai ninalolipenda kuliko yote ni la Cuddlefish, kiumbe mdogo mpole. Yapo matano tu katika mchezo mzima, usipite bila kulichukua. Akishatotolewa, mbebe umwachie baharini: atakufuata na kucheza nawe.