Ukirambaza samoni, usinyooshe mashua

Kwa muda mrefu, nikirambaza, yaani nikivuta chambo nyuma ya mashua inayotembea, nilikuwa nashika usukani moja kwa moja kama niko barabarani, na samaki walikuwa wananipita. Siku hizi nakwenda kwa mkunjo wa herufi S, taratibu, nikigeuza kidogo kila baada ya dakika chache.

Ukigeuza, mshipi wa upande wa ndani hupungua mwendo na chambo kinazama. Ule wa nje huongeza mwendo na chambo kinapanda. Samoni aliyekuwa akifuata nyuma bila kuamua, mabadiliko hayo ndiyo humchokoza. Halafu angalia ni mshipi upi umekamatwa: ukiwa wa ndani, punguza mashine, ukiwa wa nje, ongeza kidogo. Mara moja inaweza kuwa bahati, ikijirudia upande uleule ifuate. Kwa kuanzia, kilomita 3 hadi 5 kwa saa zinatosha. Samoni wa aina ya Chinook kwa kawaida hupenda mwendo wa chini, wa aina ya coho hukimbiza chambo chenye kasi zaidi.

Kona iwe pana. Ukiikata ghafla, mishipi itasukana na utapoteza nusu saa ukifungua mafundo (mimi nimeshawahi kukata yote miwili). Penye mashua nyingi karibu acha kabisa kwenda kwa mkunjo. Penye maji ya kina kifupi nako angalia, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) la upande wa ndani litanasa chini. Mkondo ukiwa mkali, alama ya ndani na nje haiaminiki, kwa sababu maji yenyewe ndiyo yanabadilisha kasi ya chambo.