Shokapu za mbele zinazogonga: namna ninavyozitengeneza hapa Dodoma

Wateja wengi wakiniletea pikipiki husema neno moja: "Fundi, ikazie mbele." Mbele inagonga kila ikipanda tuta, usukani unayumba kwenye mchanga, na mwenye chombo anaamini dawa ni ugumu. Hata mimi niliamini hivyo. Boxer yangu ya kwanza niliijaza oili ya injini, 20W-50, shokapu zote mbili, nikatoka Nkuhungu kwenda mashamba ya zabibu ya Mpunguzi. Nilifika mikono imekufa ganzi. Kwenye rasta, yale matuta madogo yanayofuatana barabarani, gurudumu lilikuwa linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Nilichokosea ni hiki. Kwenye shokapu za kawaida za pikipiki zetu, springi ndiyo inayobeba uzito. Oili inalazimishwa kupita kwenye matundu madogo ya bomba la ndani, na shida hiyo ya kupita ndiyo inayoizuia springi isidundedunde. Matundu hayapanuki wala hayasinyai. Shokapu ikibonyea kwa kasi mara mbili, ukinzani wa oili unakua karibu mara nne. Ukiweka oili nzito, ukigonga jiwe ghafla shokapu inakuwa kama nondo. Kwenye rasta inabonyea, kabla haijarudi inakutana na tuta lingine, inabonyea tena, mpaka inakaa chini kabisa. Dereva anasema springi zimechoka, kumbe oili ndiyo inayozifunga.

Kwa hiyo kazi nzima ni kuchagua springi inayolingana na mzigo, kisha oili inayolingana na springi. Na vyote viwili vinapimwa.

Kabla hujagusa shokapu

Inua gurudumu la mbele, shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta mbele na nyuma. Ukisikia "tok", beringi za usukani zimelegea. Zungusha usukani taratibu. Ukikwama kidogo katikati, golori zimechimba njia yake. Pima na upepo wa tairi. Nimeshaona mtu amenunua springi mpya wakati tatizo lilikuwa tairi lililojazwa upepo likawa gumu kama jiwe.

Pitisha ukucha kwenye bomba linalong'aa, hasa sehemu inayoingia na kutoka. Ukikwaruza kwenye kutu, sili mpya (mpira unaozuia oili isivuje) haitamaliza mwezi. Vumbi letu la Dodoma ni msasa: linakaa kwenye mdomo wa sili, linakula bomba na sili pamoja.

Hatua ya 1: pima inavyozama

Gurudumu likiwa hewani, pima urefu wa bomba linaloonekana kati ya sili na kibano cha chini, kile kinachoshika shokapu chini ya usukani. Andika. Sasa ishushe, panda na mavazi yako ya kazi, miguu kwenye vikanyagio, mwenzako aishike isianguke na mwingine apime. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzamaji. Unatakiwa uwe kati ya robo na theluthi ya safari yote ya shokapu, yaani umbali wote inaoweza kubonyea. Kama safari yote ni milimita 120, tafuta milimita 30 hadi 40. Ikizama 50, springi ni laini au imechoka. Ikizama 15, ni ngumu mno, au kuna mtu amekutangulia kuikaza.

Rudia kipimo ukiwa na abiria. Hapa wengi hushangaa. Ukibeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, uzito unaangukia nyuma, mkia unashuka na mbele inanyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi na unatangatanga, dereva anadhani mbele ni mbovu. Ukiikaza mbele wakati huo unaongeza tatizo, maana inanyanyuka zaidi. Anza na shokapu za nyuma kwanza, kaza pete zake hatua moja au mbili, halafu upime tena mbele.

Kabla ya kufungua, funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye bomba, iguse sili, kisha nenda mzunguko mmoja wa njia yako ya kawaida. Sili itaisukuma kamba juu hadi pale shokapu ilipobonyea zaidi. Kama una mipira ya kuzuia vumbi, ivute juu kwanza.

Hatua ya 2: toa miguu

Weka gogo au kreti imara chini ya injini, mbele ielee na isitikisike. Legeza vifuniko vya juu vya shokapu wakati miguu bado imo kwenye vibano, ila legeza kwanza bolti ya kibano cha juu ili kisibane nyuzi za kifuniko. Ukisubiri mguu utoke ndipo ufungue kifuniko, utahangaika na jiriwa na utakwaruza bomba. Sasa toa waya wa breki, gurudumu, madigadi, legeza vibano vya chini, zungusha mguu huku unavuta chini.

Fungua mguu mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Ule mzima ndio picha yako ukisahau wosha ilikaa upande gani.

Hatua ya 3: mwaga na fungua

Kifuniko kinasukumwa na springi. Mwishoni mwa nyuzi kishike kwa kiganja chenye kitambaa, uso ukae pembeni. Bolti ya alen (yenye tundu la pembe sita) iliyo chini kabisa ya mguu ilegeze kabla ya kufungua kifuniko na kutoa springi, maana springi ndiyo inayoshikilia bomba la ndani lisizunguke pamoja na bolti. Hili peke yake limewapotezea mafundi wanafunzi wangu saa nyingi.

Pindua mguu, pampu mara kumi na kitu mpaka oili iishe. Ikitoka ya kijivu yenye kumetameta, chuma kinalika ndani. Ikitoka kama maziwa, maji yameingia. Usiimwage korongoni, weka kwenye dumu.

Sili ya zamani itolewe kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, baada ya kutoa waya unaoizuia. Kabla ya kuingiza mpya, valisha mfuko wa plastiki kwenye ncha ya bomba na upake oili, ili ukingo usikate mdomo wa sili. Ishindilie sawasawa kwa kipande cha bomba la PVC chenye upana wake. Wosha ya shaba ya bolti ya chini badilisha. Ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayovuja wiki ya pili, mteja akarudi na maneno.

Bomba libingirishe juu ya kioo cha dirisha. Likiyumba, limepinda. Mimi sinyooshi lililokunjika.

Hatua ya 4: springi

Hapa ndipo pa kutumia akili kuliko pesa. Tafuta mizani ya dukani, simamisha springi juu yake ndani ya kipande cha bomba isikuponyoke, ikandamize milimita 50, usome kilo. Ukisoma kilo 25, ugumu wake ni nusu kilo kwa kila milimita. Ziko mbili, kwa hiyo mbele nzima ni kilo moja kwa milimita. Sasa unaweza kulinganisha springi ya Boxer na ya pikipiki nyingine uliyoiokota kwa wauza spea za mtumba, bila kuamini maneno ya muuzaji.

Angalia unene wa waya. Tofauti ndogo ina nguvu kubwa: waya wa milimita 4.2 badala ya 4.0, mengine yote yakiwa sawa, unaongeza ugumu kwa karibu asilimia 22.

Njia ya bei nafuu ni kukata springi yenyewe. Ukipunguza mizunguko inayofanya kazi kwa sehemu moja ya kumi, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 11. Tumia msumeno wa chuma au jiwe la kukatia ukimwagia maji. Moto wa gesi unaharibu chuma. Pengo jaza kwa kipande cha bomba gumu, ncha zimenyooka, wosha juu na chini. Kisha hakikisha kwa mkono kwamba shokapu ikibonyea mpaka mwisho mizunguko haigusani.

Tofautisha mambo mawili. Kuongeza kipande juu ya springi hakufanyi springi kuwa ngumu; kunanyanyua tu mbele na kupunguza uzamaji. Kama inazama sawasawa lakini inagonga chini ukifunga breki, kipande hakitakusaidia. Mimi naacha springi ibanwe milimita 10 hadi 15 kifuniko kikifungwa, narekebisha kutokana na kipimo cha hatua ya kwanza.

Hatua ya 5: oili

Anza na oili ya shokapu ya 10W; namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi. Ukiikosa mjini, ile nyekundu ya gia otomatiki iko karibu nayo na inafanya kazi vizuri. Springi ikiwa ngumu zaidi ya ya kiwandani, panda hadi 15W, usivuke hapo.

Mimina kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, pampu taratibu mpaka mapovu yaishe, iache dakika kumi. Kisha, springi ikiwa nje na shokapu imebonyezwa mpaka mwisho, ikiwa wima, pima kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Miguu yote miwili ilingane kabisa. Natumia bomba la sindano lenye mrija uliowekwa alama: natia oili kuzidi kidogo, nanyonya hadi alama.

Hewa iliyobaki juu nayo ni springi, na inakuwa ngumu mwishoni mwa safari. Kama inagonga chini kwenye breki tu, ongeza oili uso upande milimita 10, ujaribu. Ukijaza kupita kiasi, sili itatoka.

Hatua ya 6: rudisha

Ingiza miguu kwa urefu sawa ndani ya vibano. Kuipandisha milimita 5 juu ya kibano kunafanya usukani uwe mwepesi kugeuka. Kwenye lami kunapendeza, kwenye mchanga wa korongo utajuta. Kwa kazi zetu iache ilivyotoka kiwandani.

Kaza vibano vya chini, kisha vifuniko, na mwisho vibano vya juu, ila ekseli ifunge nusu. Shusha pikipiki, shika breki ya mbele, bonyeza mbele mara sita saba ili miguu ijipange, ndipo ukaze ekseli. Fundi akikaza ekseli kwanza, miguu inakaa imejipinda na shokapu mpya inakuwa nzito bila sababu.

Kujaribu

Nina njia yangu: lami kidogo ya barabara ya Iringa, matuta ya mitaani, kisha mchanga. Ikigonga mwanzoni mwa jiwe dogo, oili ni nzito. Ikiendelea kudunda mara mbili tatu baada ya tuta, ni nyepesi. Ikizama polepole ukipita rasta ndefu, oili ni nzito tena, hata kama mkono unakuambia springi. Badilisha kitu kimoja tu kwa siku na uandike kwenye daftari. Mimi huandika kwa penseli nyuma ya tangi, chini ya kiti.

Baada ya kilomita mia tano hivi rudi ufute mabomba kwa kitambaa safi, uangalie mstari wa oili, ukaze vibano tena. Ivalishe mipira ya kuzuia vumbi, na masika yakianza ivue mara kwa mara uoshe tope lililonasa ndani, maana likikaa humo bomba linaota kutu mahali usipopaona.