Somo: Kuchora haibiskasi kwa rangi za maji kabla halijasinyaa

Haibiskasi, lile ua jekundu la uzio, hufunguka asubuhi na kwa kawaida jioni limeshajikunja. Ndiyo sababu nimelichagua badala ya waridi, ambalo litakusubiri kwenye chupa hadi uchoke wewe. Ua la siku moja linakufundisha kupanga kazi. Hapa Moshi halinunuliwi, ila omba kwanza mwenye nyumba. Mimi niliwahi kutimuliwa na mbwa kule Shanty Town kwa ajili ya petali tano. Chuma kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, ua likiwa limefunguka lote. Si lazima uliweke kwenye maji. Likikatwa hubaki wazi siku hiyo hiyo hata likiwa mezani tu.

Kabla ya brashi, jambo moja. Wengi wetu macho yetu yamelelewa na Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi zinazong'aa za kupakia baiskeli juu ya hadibodi, na rangi ile inafunika: ukimkosea tembo, unamfunika kwa mbuyu na maisha yanaendelea. Rangi ya maji haina huruma hiyo. Ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga, ile ambayo kwa wingi hutoka Sudan. Ikikauka inabaki utando mwembamba. Mwanga unaupenya, unafika kwenye karatasi na kurudi machoni pako. Kwa hiyo nyeupe yako ni karatasi yenyewe. Ukishaipaka, imekwenda.

Vifaa

Karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiipata. Hapa msifanye ubahili. Rangi za bei nafuu juu ya karatasi nzuri zitakubali; rangi za gharama juu ya karatasi ya daftari la michoro zitakutia aibu. Ibandike pande zote nne kwenye kipande cha plaiwudi kwa tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi wa kupuliza magari, isije ikajikunja ikilowa.

Brashi mbili za mviringo zenye ncha, namba 10 na namba 4. Sahani nyeupe ya kuchanganyia. Vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea brashi na kingine kisiguswe na brashi chafu. Kitambaa cha pamba.

Rangi ni tatu tu: njano ya limau, waridi ya kwinakridoni na buluu ya altramarini. Waridi ukiitia njano kidogo unapata wekundu wa moto wa haibiskasi, na ukiitia buluu kidogo unapata ule wekundu wa giza ulioko kooni mwa ua. Wenye boksi la rangi 36, funikeni 33.

Kuchora kwa penseli

Anza na duara lililobonyezwa, kwa sababu ua mara nyingi linatazama pembeni. Weka nukta mahali lilipo koo. Petali ni tano, na kila moja inalalia jirani yake kama mapanga ya feni. Mikunjo na mishipa yote inaelekea kwenye ile nukta; ukikosea hapo, hakuna rangi itakayokuokoa. Kisha chora ule mnara unaochomoza katikati, wenye stameni (vijiuzi vya chavua) nyingi za njano na, kileleni, vichwa vitano vidogo kama vifundo. Penseli ipite kwa wepesi. Kifutio kikisuguliwa sana huchuna uso wa karatasi, na rangi itanywewa pale kama alama ya kidonda.

Tabaka la kwanza

Usipake ua zima kwa mkupuo. Petali mbili zilizopakana zikiwa mbichi kwa pamoja, rangi zitavuka mpaka. Zipe namba kwa mzunguko: paka ya kwanza na ya tatu, zikauke, kisha ya pili na ya nne, zikauke, ndipo ya tano. Tano ni witiri, kwa hiyo raundi mbili hazitoshi, usijaribu kulazimisha.

Lowesha petali moja kwa maji safi. Sasa inamisha kichwa uitazame karatasi kwa ubavu. Ukiona dimbwi, umezidisha. Fyonza kwa brashi iliyokamuliwa. Ukiona mng'ao mwororo kama wa jani la mgomba lenye umande, huo ndio wakati. Gusisha njano nyepesi ukingoni, kisha shusha waridi kutoka kooni kwenda nje, uiache itembee yenyewe. Acha sehemu mbili tatu bila rangi pale jua linapogonga mkunjo. Mnara wa katikati usiguswe kabisa.

Changanya rangi nzito kuliko unavyotaka ionekane. Rangi ya maji ikikauka hufifia, na kila anayeanza hushangaa kwa nini ua lake jekundu la saa nne limekuwa la pinki saa tano.

Kusubiri

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Karatasi inapokauka hupita hali tatu: inang'aa, kisha mng'ao unapotea lakini bado ina baridi, kisha inakuwa kavu. Ya katikati ndiyo mtego. Ukiingiza brashi yenye maji wakati huo, maji mapya yanasukuma unga wa rangi nje na kukuachia doa lenye kingo za kukwaruza kama koliflawa. Mimi nimeharibu kazi ya asubuhi nzima kwa kuona "kasehemu kadogo" kanakohitaji kurekebishwa. Kangesubiri dakika kumi na tano.

Gusa kwa mgongo wa kidole, si kwa ncha yenye mafuta. Kama unahisi baridi, weka brashi chini ukanywe chai. Na msifuate saa ya mtu mwingine. Moshi mjini haifiki mita 1,000 juu ya bahari, na Februari karatasi inakauka ukiwa unaitazama. Arusha iko kama mita 1,400, na ubaridi wa Julai au unyevu wa masika unaweza kukuweka muda mrefu zaidi. Ukitumia draya ya saluni, ishike mbali, na subiri mng'ao upotee kwanza. Ukiwahi, upepo utasukuma rangi na kuirundika pembeni.

Tabaka la pili na la tatu

Sasa unajenga umbo. Changanya waridi na njano, nzito kidogo, upake kwenye vivuli tu: chini ya petali iliyolaliwa, ndani ya mikunjo, kuzunguka koo. Safari hii karatasi ni kavu, kwa hiyo kila mpako una ukingo mkali. Upande mmoja uache hivyo. Upande wa pili upitie mara moja kwa brashi safi yenye unyevu ili rangi iyeyuke taratibu. Mara moja, nimesema. Ukisugua, unaamsha tabaka la chini na yote yanakuwa uji.

Tabaka la tatu ni la koo: waridi na buluu kidogo, ikolee, ivutwe kwenda nje kwa mipako inayoanza nene na kuisha kama ncha ya sindano. Mishipa ya petali msiichore yote kama ramani ya barabara. Michache karibu na koo inatosha, jicho litajaza mingine.

Mnara, majani, na nyuma yake

Mnara uliouacha mweupe upe waridi nyepesi upande wa kivuli peke yake. Stameni ni nukta za njano nzito, nyingine zigusane, nyingine ziwe mbali. Ukizipanga sawasawa zitafanana na shanga. Vichwa vitano vya kileleni ni vyekundu.

Jani la haibiskasi linang'aa, na mng'ao wake ni anga. Paka kwanza buluu nyepesi sana, ikauke, kisha kijani cha njano na buluu kilichotulizwa kwa tone la waridi, ukiacha vipande vya ile buluu vionekane. Meno ya ukingoni yaoneshe hapa na pale.

Nyuma ya ua mimi huweka kijani cha giza upande mmoja tu, pale penye petali nyepesi. Hiyo inatosha kulisogeza ua mbele.

Maswali ya wanachama

Mama Junior, Njiro: Mwalimu, yangu imekuwa rangi ya tope. Nimetumia karatasi ya gramu 300 kama ulivyosema.

Mama Junior, kwenye picha uliyotuma naona kijani kimeingia ndani ya petali. Kijani na nyekundu zikikutana mbichi huuana, unapata kahawia. Majani subiri mpaka ua likauke kabisa. Na kile kikombe cha maji safi, nina wasiwasi nacho.

Kijana wa vibanda vya picha, Arusha: Kaka, sisi tunamalizia na nyeupe. Kwa nini nisiweke vidoa vyeupe mwishoni?

Weka, rangi ya guashi nyeupe ipo kwa kazi hiyo, na kwa vidoa viwili vya mng'ao juu ya stameni siwezi kukukataza. Ila usitegemee irudishe petali uliyoisahau. Guashi inafunika, kwa hiyo inaonekana kama chokaa katikati ya rangi zinazopitisha mwanga. Ukiogopa mkono wako, sugua kipande cha mshumaa mweupe pale unapotaka pabaki peupe, rangi haitashika. Lakini mshumaa hautoki tena, fahamu hilo mapema.

Dada wa Marangu: Nataka kuchora maua ya kahawa ya shambani kwa baba. Ni meupe, karatasi ni nyeupe. Naanzia wapi?

Anzia kwenye majani, dada. Ua jeupe linachorwa kwa kupaka kisichokuwa ua. Paka yale majani mazito ya kahawa kuzunguka kichala, na petali zitajitokeza zenyewe. Kisha vivuli: altramarini na chembe ya waridi na njano, maji mengi, upate kijivu cha baridi. Paka kidogo kuliko unavyodhani. Na uwahi, kwa sababu maua ya kahawa baada ya mvua hukaa siku chache tu.

Mzee wa Usa River: Picha niliyochora miaka miwili iliyopita imepauka ukutani. Nilitumia rangi ya pinki kali sana.

Shikamoo mzee. Rangi nyingi za pinki zinazowaka haziwezi jua. Geuza tyubu usome alama ndogo ya unga wa rangi: PV19, yaani waridi ya kwinakridoni, hustahimili mwanga vizuri, PR83, ile alizarini ya zamani, hufifia. Kama tyubu haina alama, paka mstari kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa kadibodi, kibandike dirishani miezi mitatu, kisha ufunue. Na hata rangi nzuri usiitundike mkabala na jua la mchana.

Mwanachama mpya, Soweto, Moshi: Zambarau ya mjakaranda naipata kwa hizi rangi tatu?

Unaipata: altramarini na waridi, buluu iwe nyingi zaidi. Ila mjakaranda wa Oktoba usiuchore ua moja moja. Uchore kama wingu, karatasi ikiwa mbichi, na shina lije mwisho.

Dada wa Marangu tena: Samahani mwalimu, haibiskasi langu lilijikunja nikiwa kwenye tabaka la pili. Nifanyeje?

Pole. Asubuhi, kabla ya tabaka la kwanza, pima rangi kwenye kipande cha karatasi ukiliweka ua pembeni yake: nyepesi, ya kati, na ya koo. Piga picha kwa simu ukiwa umekaa pale pale utakapochorea, kwa ajili ya vivuli. Wekundu wa simu usiuamini, tumia kile kipande. Na kesho chuma mawili kutoka tawi moja, la pili ulifunge kwenye mfuko ndani ya friji mpaka saa sita.