Kutunza nyaya za meno ukiwa Tabora: somo na maswali yenu

Ndugu zangu, binti yangu amekaa na nyaya za kunyoosha meno mdomoni mwaka na miezi miwili sasa. Kila tukipita sokoni lazima mzazi mmoja anivute pembeni aniulize. Nimeona niyaandike hapa mara moja.

Kwanza elewa nyaya zinafanya nini. Waya unalisukuma jino polepole. Upande linakoelekea, mfupa unalika. Upande linakotoka, unajijenga upya. Ndiyo maana wengi hukaa nazo mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na daktari huwaita kila baada ya wiki 4 hadi 8 azirekebishe. Kwetu sisi hiyo ni safari ya Dar es Salaam, kwa treni au basi. Piga hesabu ya nauli kabla ya kukubali kufungwa, kwa sababu ukiruka miadi kazi inarefuka.

Hatua ya kwanza ni siku za mwanzo. Meno yatauma siku 3 hadi 5. Uji, wali laini, maharage yaliyoiva sana. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, kisha uteme.

Hatua ya pili ni kusafisha, na hapa naomba mtulie. Kila jino limegandishiwa kifungo cha chuma, waya umepita juu yake, na ugali unajibanza hapo chini. Simama mbele ya kioo penye mwanga. Inamisha mswaki laini uelekee ufizi, uzungushe taratibu juu ya kila kifungo. Sasa ugeuze, upite upande wa chini wa waya. Ndani ya meno na pa kutafunia usiparuke. Malizia kwa kibrashi chembamba kinachopenya chini ya waya. Fanya hivyo kila baada ya kula, kwa dawa ya meno yenye floridi. Binti yangu hutumia kama dakika 4, nami nasimama mlangoni.

Nasisitiza kwa sababu nilimwona kijana aliyetoka kutolewa nyaya. Meno yamenyooka vizuri, lakini kila jino lina doa jeupe limezunguka pale kifungo kilipokuwa. Ni uchafu ulioachwa ukala jino, na doa la namna hiyo huwa haliishi lote. Iliniuma sana.

Hatua ya tatu, chakula. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga za kukaanga, miwa, mahindi ya kuchoma na kutafuna barafu, acheni. Wangu alikula matobolwa kwa bibi yake Sikonge, kifungo kikabanduka. Embe likatwe vipande. Asali yetu ruhusa, ila ni sukari hiyo, mswaki ufuate.

Maswali

Waya umechomoza unanichoma shavu, na daktari yuko mbali. Nifanyeje?
Pole, dada. Usukume taratibu ulale kwenye jino, kwa kifutio kisafi cha penseli. Ukikataa, kausha hapo, ufunike kwa nta ya meno, kisha umpigie daktari. Kifungo kikibanduka kiache kwenye waya, na usithubutu kugandisha na supaglu.

Tabora nta ya nyuki tumejaliwa. Naweza kutumia hiyo?
Nta ya mzinga ina uchafu, usiiweke penye kidonda. Omba ya meno kwa daktari siku unapofungwa, ukae na akiba.

Nina miaka 38. Nimechelewa?
Hapana, kaka. Meno ya mtu mzima yanasogea pia. Ila ufizi ukiwa unatoa damu au meno yanalegea, hilo litibiwe kwanza.

Mwanangu anatolewa nyaya mwezi ujao. Ndiyo tumemaliza?
Bado, mama. Meno hutaka kurudi yalikotoka, kwa hiyo atapewa kishikizo, wengine wanakiita riteina. Mara nyingi huvaliwa karibu muda wote mwanzoni, baadaye usiku tu, na usiku huo ni wa miaka. Akioshe kwa maji baridi, maana ya moto yanakikunja kisimwenee tena. Na akila asikifunge kwenye tishu, kitatupwa pamoja na mabaki. Kikae kwenye kiboksi chake.