Kuchunguza ukatili wa kijinsia mtaani kwenu bila kumponza mtu

Juzi mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliyeletwa kwetu fildi, huku Temeke, alinionyesha dodoso lake. Maswali 64, na la kwanza: "Je, umewahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia?" Nikamwambia aliweke kabatini kwanza. Tulikaa siku mbili, tukaupitia utaratibu huu.

Hatua ya 1: Barua. Chuo, kata, mwenyekiti wa mtaa. Mjumbe usimruke.

Hatua ya 2: Jua pa kumpeleka mtu kabla hujamuuliza. Nenda mwenyewe dawati la jinsia na watoto polisi, uulize nani yuko zamu usiku. Pita kituo cha afya uulize habari ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na dawa za kinga ya VVU, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72. Andika na nauli ya kufika huko. Kwa mtoto, namba ni 116.

Hatua ya 3: Ramani ya chini. Kaa na wanawake kumi hivi. Wasichana na wanaume wawe na siku zao. Chora mtaa kwa majivu, nyumba ziwe vizibo vya soda, kila mtu apewe maharage matano ya kuweka anapoogopa. Dodoso la kwenye simu silipendi hatua hii: mtu akikuona unabonyeza, anajua anarekodiwa.

Sisi tulitegemea maharage yajae vilabuni. Yakajaa bombani, kwa sababu maji yalikuwa yanatoka saa kumi alfajiri. Halafu mama mmoja akachukua harage lake la mwisho, akaliweka juu ya kizibo cha nyumba yake mwenyewe. Hakusema kitu. Wa pili akafuata, na wa tatu.

Hatua ya 4: Karatasi ya mahudhurio. Hapa ndipo nilipoungua. Mwaka wangu wa kwanza mhasibu alitaka jina, simu na sahihi ndipo atoe posho. Juu ya karatasi tukaandika neno "ukatili", tena tukaisahau mezani ofisini. Mume wa mshiriki mmoja alifuata shida zake pale, akaliona jina la mkewe. Kesho yake kutwa nzima tulihangaika kumtafutia yule dada pa kulala.

Tangu siku hiyo karatasi zangu zote zinasema "afya na maisha ya familia". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 nao unataka jina lisiloshtua. Ila ukishakaa na mama peke yake, mwambie ukweli kabla ya swali la kwanza, akikataa mshukuru uondoke.

Mwongozo huohuo unataka mwanamke mmoja kwa kila kaya. Kwa nyumba zetu za kupanga, vyumba sita ukuta haufiki juu, mimi nahesabu nyumba nzima kuwa kaya moja. Jirani akiulizwa hayohayo, jioni uani pana kazi.

Posho watu wasaini kwa namba. Mhasibu atakataa, gombana naye wiki mbili kabla, si siku ya kikao. Tuliwahi kuipitisha kwa katibu wa kikoba ikaenda vizuri, mpaka tulipogundua katibu ni wifi wa mmoja wao.

Uwe na ukurasa wa akiba. Mume akiingia, unahamia "mtoto alianza uji ana miezi mingapi?" bila kukohoa. Fanyeni mazoezi kwa sauti, maana aliyezoea kusoma tu kimoyomoyo atababaika. Picha hakuna. Grupu la WhatsApp hakuna, hata la kukumbushana muda.

Hatua ya 5: Uliza tendo. Ukisema "ukatili", wengi wanafikiria panga. Niliwahi kujibiwa, "Hapana, hunirudi tu," yaani humchapa kumwadabisha. Uliza: amewahi kukupiga kofi? Kukusukuma? Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2005 uliuliza kwa matendo hivi, na kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza, 41% Dar es Salaam na 56% Mbeya walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza. Beba nakala ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Mabishano utayakuta siku ya wanaume.

Hatua ya 6: Mrejesho. Ramani ihamishie kwenye manila bila nyumba hata moja, ndiyo iende mkutano wa mtaa. Kwetu ya bomba yalichukua kikao kimoja, muda wa maji ukahamishiwa saa kumi na mbili. Ya majumbani hupelekwa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto kwa idadi tu, na huko mambo huenda polepole.

Dodoso la mwanafunzi limebaki na maswali 22. Anaanza Jumanne.