Namna ya Kufuatilia Mawasiliano ya Seli katika Saratani ya Damu

Anayetaka kuelewa saratani ya damu aanzie kwenye uboho, kwa kuwa humo ndimo seli nyingi za damu huzaliwa na kulelewa. Mwaka 1978 mtafiti Ray Schofield alipendekeza kwamba seli shina za damu, yaani zile zinazozaa seli nyingine za damu, hutegemea makao maalumu yanayozizunguka. Shika wazo hilo kwanza. Kisha, kwa kila ishara utakayokutana nayo, jiulize imetolewa na seli ipi, imepokelewa kwa kipokezi gani, na seli iliyoipokea imefanya nini.

Chukua mieloma, saratani ya seli za plazma zinazokaa katika uboho. Seli za uboho hutoa protini ya IL-6 inayozisaidia seli za mieloma kuishi na kuongezeka. Nazo seli za mieloma huchochea seli zinazomeng'enya mfupa, na mfupa unapoliwa huachilia vichocheo vya ukuaji vinavyozidi kuilisha saratani. Ndiyo maana mgonjwa huumwa mifupa. Basi usiishie kwenye ishara inayoingia, tazama pia ile inayorudi.

Hakikisha vilevile kwamba ishara ina mtoaji. Badiliko la jeni ya JAK2, inayotengeneza protini ya kupitisha ishara ndani ya seli, lililoelezwa mwaka 2005 huifanya seli ijione imeitwa ilhali haikuitwa, na hapo kumtafuta jirani wa kulaumiwa ni kupoteza muda.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni kusoma majibu ya maabara, na hapa nawaonea huruma wagonjwa wengi. Mtu mwenye lukemia sugu ya limfosaiti, yaani saratani ya aina moja ya seli nyeupe za damu, huanza dawa ya ibrutinibu, tezi za shingoni zinanywea, lakini hesabu ya limfosaiti katika damu inapanda kwa wiki kadhaa, na familia inadhani dawa imeshindwa. Kumbe dawa hiyo huzuia kimeng'enya cha BTK, kinachopitisha ishara zinazoziwezesha seli hizo kuishi na kung'ang'ania ndani ya tezi. Zinapoachia, humwagika kwenye damu, mbali na majirani waliokuwa wakizitunza. Hata katika chombo cha maabara, seli za aina hii zikiwekwa peke yake hufa upesi kuliko zikiwekwa pamoja na seli za uboho. Kwa hiyo soma hesabu ya limfosaiti sambamba na ukubwa wa tezi, kiwango cha hemoglobini na hali ya mgonjwa, na umuulize daktari kabla ya mtu yeyote kuacha dawa.