Kupaniki kwenye gari: namna ya kuuvunja mzunguko wa hofu ya ghafla

Moyo unaanza kwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, jasho linatoka, na kichwani linabaki wazo moja tu: leo nakufa. Wengi huishia hospitali. Wanapimwa presha, wanafanyiwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), wanaambiwa hawana tatizo na warudi nyumbani wakapumzike. Kwa upande wa moyo jibu hilo ni sahihi, lakini tatizo lipo. Ni shambulio la hofu, na kinacholifanya lirudi mara kwa mara ni yale mambo madogo ambayo mtu huyafanya ili kujinusuru nalo. Hapa tunatumia mfano wa usafiri, kwa kuwa ndani ya gari lililojaa ndimo linamowakamata wengi.

Pima kwanza, ila usipime kila wiki

Kama hujawahi kuchunguzwa, nenda ukachunguzwe mara moja kwa ukamilifu: moyo, wingi wa damu, sukari, na homoni za tezi ya thairoidi, maana tezi ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya haraka, jasho na kutetemeka. Usingoje hata kidogo kama maumivu ya kifua yanasambaa mkononi au kwenye taya, yanakuja ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika, au kama umezimia kweli. Vipimo vikiwa salama, basi. Kuvirudia kila mara ili upate utulivu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Mzunguko unavyojizungusha

Mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark aliueleza mwaka 1986. Mwili unatoa ishara ndogo, labda pigo moja la moyo lisilo la kawaida au kizunguzungu cha njaa. Mtu anaitafsiri kuwa hatari. Tafsiri hiyo inamwaga adrenalini, homoni inayouandaa mwili kukabili hatari, na adrenalini inaongeza mapigo na kuhema, na mtu anaona ushahidi kwamba kweli anakufa. Akihema sana anatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyotaka, ndipo ganzi ya vidole na midomo inapokuja, pamoja na kichwa chepesi na hisia ya kukosa hewa ilhali hewa anayo tele. Kilele hufika ndani ya dakika chache, kisha mwili hushuka wenyewe.

Hapo kwenye kushuka ndipo penye kosa. Mtu akishuka kwenye gari dakika ya tano, hofu inapungua, na ubongo unaandika: nimepona kwa sababu nimeshuka. Haujapata nafasi ya kuona kwamba ingepungua hata kama angebaki. Kukimbia ni kosa ambalo kila mtu analiona. Yanayosumbua zaidi ni yasiyoonekana: kukaa siti ya mlangoni tu, chupa ya maji isiyokosekana kwenye mkoba, kushika mkono na kuhesabu mapigo, simu iliyofunguliwa tayari kwenye namba ya dada, kuacha magari matatu yapite ukingoja lenye nafasi, kidonge cha Valium (dawa ya kutuliza wasiwasi) mfukoni ambacho hata hukimezi. Kila kimoja kinapewa sifa ya kukuokoa.

Wiki ya kwanza: andika

Kila hofu ikija, andika mstari mmoja kwenye daftari: nilihisi nini mwilini, nilidhani nini kitatokea, nilifanya nini. Kisio liwe la wazi. "Nitajisikia vibaya" halipimiki. "Nitazimia kabla ya Ubungo" linapimika. Na kuhusu kuzimia: mtu huzimia presha ikishuka, wakati kwenye hofu kwa kawaida presha hupanda. Wanaozimia wakiona damu au sindano ni kundi jingine, na mazoezi yao ni tofauti.

Wiki ya pili: ilete dalili mwenyewe

Haya yanafanyika nyumbani, ili uzizoee dalili zenyewe na zisikutishe tena. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au mimba asiyafanye bila kumwona daktari.

- Kimbia papo hapo, dakika 1.
- Zunguka ukiwa umesimama, dakika 1, kando ya kitanda ili ukiyumba ukae.
- Hema haraka na kwa kina, dakika 1.
- Bana pua na upumue kwa mrija wa soda, dakika 2.

Baada ya kila moja jipe alama mbili kati ya 0 na 10: dalili ina nguvu kiasi gani, na hofu ni kiasi gani. Chagua zoezi lililofanana zaidi na shambulio lako, ulirudie mara nne au tano kila siku hadi hofu ishuke kwenye 2. Dalili haitashuka, na haitakiwi kushuka. Mtu yeyote akizunguka dakika nzima atapata kizunguzungu. Ukiacha pale tu inapoanza kuwa mbaya, umefanya mazoezi ya kukimbia.

Kisha panda gari

Panga hatua sita hadi kumi, kuanzia yenye hofu ya 3 au 4. Kwa mtu wa Kimara, Dar es Salaam, anayefanya kazi Posta katikati ya jiji, ngazi inaweza kuanza na kusimama kituoni dakika 20 bila kupanda. Halafu daladala saa nne asubuhi, vituo viwili, siti ya mlangoni. Halafu safari hiyohiyo, siti ya nyuma dirishani. Halafu bila chupa ya maji. Mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya jiji hilo, unakuja juu zaidi, kwa sababu kwenye daladala unaweza kumwambia konda "shusha", lakini basi la mwendokasi halifungui milango hadi kituoni. Hatua ya mwisho ni mwendokasi saa kumi na moja jioni, umesimama katikati ya msongamano hadi mwisho wa njia, na simu umeizima.

Kabla ya kupanda andika kisio lako, na ukishuka andika kilichotokea. Hofu ikipanda, acha ipande: legeza mabega, tazama nje, sema moyoni "ni adrenalini", na ubaki. Kupumua polepole kunasaidia wengine, lakini tunashauri kusitegemewe sana, kwa kuwa kunageuka kirahisi kuwa chupa nyingine ya maji. Kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi achana nako kabisa. Kama tatizo ni pumu au moyo, kunaweza kudhuru.

Fanya mara nne au tano kwa wiki. Mara moja kwa wiki haitoshi, kwani hofu inajijenga upya katikati. Ukishindwa hatua fulani, usirudi mwanzo. Igawe mara mbili. Na ukishuka njiani, panda gari linalofuata siku hiyohiyo, hata kwa kituo kimoja.

Vinavyoharibu kazi

Kahawa kali, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi huleta mapigo yaleyale unayoyaogopa. Punguza, ila usiishie hapo. Valium na ndugu zake hutuliza haraka, lakini huzoesha mwili na kumnyima mtu somo la kwamba hofu hushuka bila kidonge. Kama unaitumia kila siku, usiiache ghafla; daktari ataipunguza taratibu. Dawa za sonona na wasiwasi kama fluoxetine na sertraline ni jambo jingine: huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, siku za mwanzo huweza kuongeza wasiwasi kidogo, na zinakwenda vizuri pamoja na mazoezi haya.

Kama hutoki nyumbani kabisa, unakunywa pombe ili uweze kusafiri, au unawaza kujidhuru, usifanye haya peke yako. Nenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, au Muhimbili na Mirembe kwa Tanzania, Mathari kwa Nairobi.

Shambulio linaweza kurudi baada ya miezi ya utulivu, mara nyingi wakati wa msiba, mafua au usingizi mchache. Likirudi, kesho yake panda gari lilelile, siti ileile, saa ileile, na usibebe maji.